Alisema "nimemaliza" kabla hajamaliza: kisa cha binti wa Ujiji, sapu mbili na wiki tisa kabla ya kazi

Huyu binti ni mtoto wa kaka yangu. Nilimuomba ruhusa kabla ya kuandika akanipa, akasema shangazi we andika tu ila jina langu liache, basi humu ndani ataitwa binti. Mi ni wakili, nafanya kazi zangu hapa Kigoma mjini, na nimeamua kukiandika hiki kisa chote kwa urefu kwa sababu kila mwaka naletewa vijana wa namna yake, wametoka Law School, wana karatasi moja au mbili za kurudia, kazi imeshapatikana au inanukia, nyumbani wanasubiriwa kama mvua, na hakuna hata mtu mmoja aliyekaa nao chini wakapiga hesabu ya siku.

Ilikua 2023. Matokeo yalitoka akiwa na sapu mbili, yani karatasi za kurudia, mwenendo wa kesi za madai na uandishi wa nyaraka, na mitihani ya kurudia ilikua wiki tisa mbele, hukohuko Dar. Wakati huohuo alikua ameshaitwa kazini, taasisi moja Tabora, nafasi ya afisa sheria, walimchukua kwa digrii yake na cheti cha Law School wakakubali alete kikitoka. Barua inasema aripoti tarehe 1. Karatasi ya mwisho ya sapu ni tarehe 24. Yani hapo katikati kuna siku sita, na mbili zinaliwa na njia.

Kwa ambaye hayuko kwenye hii fani nieleze kidogo, mana bila hili kisa hakieleweki. Ukishapata digrii ya sheria bado hujawa wakili. Kuna Law School ya Tanzania, ilianzishwa kwa sheria ya 2007 na ikaanza kupokea wanafunzi 2008, ndo unasoma pale mafunzo ya vitendo, kipindi cha darasani afu kipindi cha kupelekwa mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Ukipita unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, unafanyiwa usaili na Baraza la Elimu ya Sheria, afu ndo unaapishwa jina linaingia kwenye orodha ya mawakili. Ukikwama karatasi chache unapewa sapu, ukikwama nyingi ni disko, yani unaondolewa chuoni. Na watu wa nyumbani hawajui hizo ngazi, wao wanajua mtoto kaenda Dar kusoma uwakili, karudi, basi ni wakili.

Afu kuna jambo la mwaka uliotangulia. Oktoba 2022 yalitoka matokeo ambayo nchi nzima iliyaongelea, watahiniwa 633, waliopita moja kwa moja 26 tu, mpaka waziri wa katiba na sheria wa wakati huo Dk. Damas Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuangalia kuna nini pale. Kaka yangu aliyasikia yale kwenye redio. Alikaa barazani pale Ujiji akasema mbele ya wageni, "wa kwangu hawezi kuwa kwenye hao, wa kwangu kichwa." Hakua na nia mbaya, ni baba anamsifia mwanae. Ila binti alikuwepo jikoni likizo na aliisikia ile sentensi, akaondoka nayo.

Kwaiyo matokeo yake yalipotoka na zile sapu mbili, akapiga simu nyumbani akasema, "Baba, nimemaliza."

Hapo ndo kisa kinapoanzia kwangu. Wengine wanadhani tatizo lilikua muda, kwamba wiki tisa ni chache. Wiki tisa kwa karatasi mbili ambazo ulishazisoma mara moja zinatosha kabisa na chenji inabaki. Tatizo lilikua hilo neno. Ukishasema umemaliza, kwa kila anayekuzunguka wewe ni mtu uliyekaa bure mpaka tarehe ya kuripoti, na mtu aliyekaa bure Kigoma hakosi kazi.

Alifika kwa treni. Wiki hiyohiyo mama yake, ambae ni wifi yangu, akampa zamu Kibirizi. Wifi ananunua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi inapoingia, anaanika, anauza wakavu kwa wanaosafirisha. Asiyewahi kuanika dagaa anadhani ni kumwaga na kusubiri jua. Unawahi gizani kugombania bei, unabeba, unamwaga, unatawanya wasilaliane, jua likipanda unageuza, wingu likijikusanya juu ya milima ya Kongo unakimbia kufunika, jioni unaokota na kupepeta mchanga. Binti alikua anaamka saa kumi usiku. Afu mtoto wa baba mkubwa anaoa, kamati ya harusi ikamchagua mhazini hata hakuwepo kwenye kikao, "si amemaliza, na ni mwanasheria, pesa zitakua salama." Kikao kila Jumapili, grupu la WhatsApp halilali, nani kaahidi nani kalipa nani anadai alishalipa. Afu ustadhi wa madrasa aliyemfundisha utotoni akamuomba asaidie watoto wadogo baada ya alasiri. Afu majirani.

Majirani ndo walionitisha mimi, nitarudi kwao.

Nilikuja kujua mwisho wa wiki ya pili, na nilijua kwa bahati. Alikuja ofisini kwangu kuazima Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, sura ya 33, akasema anataka kujikumbusha kabla ya kazi. Nikampa. Akakaa kwenye kiti cha wateja akaifungua Amri ya Saba, ile ya hati ya madai, na kabla sijamaliza simu niliyokua naongea alikua amelala, kichwa kimeegemea ukuta, kidole bado kiko katikati ya kurasa. Mikono yake ina magamba ya dagaa mpaka kwenye kiwiko, madogo yale yanayong'aa kama vipande vya kioo. Nikamwacha alale. Alipoamka nikamuuliza moja kwa moja, mwanangu una sapu ngapi? Akalia kwanza afu ndo akajibu.

Nilimwambia asinieleze anasoma saa ngapi kwa siku, mana kila mwanafunzi duniani anaongopa hapo bila kujijua. Nikampa daftari la kaunta, nikamwambia wiki nzima andika kila ulichofanya na saa yake, usipange kitu, usibadilishe kitu, andika tu. Wiki moja baadae akalileta. Yeye alikua anaamini anasoma masaa manne kila usiku, yani 28 kwa wiki. Daftari lilionyesha masaa 11, na katika hayo 11 mengi ni kati ya saa tano na saa nane usiku, kwa tochi ya simu, chumbani wanapolala wadogo zake wawili, kwa kujificha ili baba asiulize unasoma nini tena. Usingizi ulikua masaa manne kwa usiku, siku mbili matatu. Kamati ya harusi, ambayo yeye aliniambia ni kitu kidogo, ilikula masaa tisa. Masaa tisa! Karibu sawa na kusoma kote. Na mengi ni ya simu, anajibu meseji moja dakika tatu, anarudi kwenye kitabu, nyingine inaingia.

Ukurasa mmoja wa lile daftari naukumbuka. Usiku wa Jumatano alikua amejaribu kuandika kiapo kwa ajili ya mazoezi, akakibandika humo. Kimepangwa vizuri, aya zimehesabiwa, uthibitisho upo. Pale mwisho, anapoapa mtu mbele ya kamishna wa viapo, ameandika tarehe, mahali hakuandika. Sheria ya makamishna wa viapo, sura ya 12, kifungu cha 8, inadai vyote viwili, mahali na tarehe, na viapo vinapingwa mahakamani kwa kosa hilohilo kila siku. Nikamuuliza kifungu cha 8 kinasemaje. Akanitajia chote bila kuangalia popote, mahali na tarehe, na hapohapo akaona mwenyewe akashika mdomo. Kitu anakijua. Saa saba na nusu usiku, akiwa ameamka tangu saa kumi ya usiku uliopita, mkono haukukifuata. Kuna utafiti unaofahamika kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na huyu alikua ameshapita 21. Mtihani wa uandishi wa nyaraka unapima hayohayo, mahali, tarehe, jina la mahakama, aya ya mamlaka, uthibitisho. Nina uhakika ndo maana hata mara ya kwanza aliikosa, mana alinisimulia zile wiki za mwisho kabla ya mitihani walikua wanakesha kwa kupokezana kama walinzi.

Ushauri wangu wa kwanza ulikua mbaya. Nilimpa ratiba yangu mwenyewe ya zamani, lala saa mbili usiku, amka saa nane, soma mpaka alfajiri. Mimi ilinisaidia enzi zangu kwa sababu nilikua nakaa peke yangu na sikua na dagaa wa kuwahi. Kwake ilidumu siku tatu. Nyumba yenye watu tisa hailali saa mbili, na kuamka saa nane afu kwenda Kibirizi saa kumi ni kumuua mtoto. Niliiondoa nikamuomba radhi.

Tukaanza upya, na safari hii nikasema kabla hatujagusa ratiba, baba yako atajua. Alikataa. Alikataa kabisa, akasema bora nifeli kimyakimya. Nikamwambia sawa, mi sitamwambia, siri ni yako, ila nikuonyeshe kitu, nikachukua kalamu kwenye lile daftari nikazungushia kila saa aliyoipoteza kwa sababu mtu fulani hajui kwamba ana mtihani. Vikao, zamu za dagaa za siku ambazo mdogo wake wa kiume angeweza kwenda, kuitwa itwa, kusubiri watu walale ndo afungue kitabu. Ilikua nusu ya ukurasa. Alikaa kimya muda mrefu akasema basi twende wote, ila shangazi anza wewe kuongea.

Twende tukaenda, baada ya isha. Nilianza mimi nikasema kaka, shule ya binti yako ina ngazi, moja bado, mtihani ni siku fulani. Kaka aliuliza, "amefeli?" Nikasema amepita karibu zote, mbili anarudia. Alinyamaza. Mi nilikua najiandaa kwa maneno makali, nikamuona anatoa kofia anaikunja anaiweka gotini, akamuuliza binti, "kwa nini ulikua unasomea gizani?" Hakua hajui kumbe. Alishaona mwanga wa simu chini ya mlango zaidi ya mara moja, akadhani binti anaongea na mchumba, akaona aibu kuuliza. Wote wawili wanafichana, kila mtu na lake, wiki tatu zimekwenda. Kesho yake alimuita fundi akaweka taa chumba cha uani kilichokua stoo ya magunia, na meza akaitoa kwake.

Wifi yeye hakusema mengi usiku ule, ila ndo alieleta kitu kilichopanga kila kilichofuata. Asubuhi akaniambia, "wifi, mtihani uko mwezi gani, mwezi wa angani nakuuliza." Nikawa sielewi. Akanieleza kama anavyomueleza mtoto: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, taa inawaita giza likiwa zito, mbalamwezi ikikaa juu ya ziwa taa haina kazi, wavuvi wanapumzika karibu wiki na kidogo, na mwambao wa Kibirizi unatulia. Giza likirudi, kazi inarudi na haina huruma. "Kwaiyo msinipangie kila siku masaa mawili matatu, siku zangu hazifanani. Kwenye mbalamwezi mchukueni kabisa, hata kumuona nisimuone. Kwenye giza nipeni nami kidogo."

Mi miaka yote nakaa hapa nala dagaa na sikuwahi kulifikiria hilo kwenye ratiba ya mtu anayesoma. Zilikua zimebaki wiki sita. Tukatazama kalenda, mbalamwezi mbili zinaangukia humo, ya kwanza inaanza siku chache tu mbele, ya pili inaangukia siku za mwisho kabla ya safari ya Dar. (Siku hizi ingekua tofauti, mana mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, samaki wazaane. Wakati ule bado.)

Kwenye zile wiki mbili za mbalamwezi binti alisoma masaa sita mpaka saba kwa siku, mchana, mezani, mlango wazi, analala saa nne usiku anaamka na adhana. Kwenye wiki za giza alienda Kibirizi siku tatu kwa wiki, zilizobaki akaenda mdogo wake, na siku ambazo ameenda Kibirizi tukakubaliana HAFUNGUI kitabu kipya, anapitia tu yale ya jana kwa saa moja baada ya magharibi afu analala. Hili la kutofungua kitabu alilipigania sana, aliona ni uvivu, siku ya pili nilikuta ameenda na notsi Kibirizi zimelowa. Nilikua mkali. Nilimwambia usingizi ni sehemu ya kusoma kwenyewe, kichwa kinapanga vitu ukiwa umelala, ukikinyima unamwaga maji kwenye gunia. Siku ya saba ya wiki, Ijumaa, hakusoma kabisa. Alienda Mwanga, hapahapa mjini, kwa rafiki yake, au alikaa tu ufukweni. Mi naamini ile Ijumaa ilimsaidia kuliko saa yoyote aliyokaa na mimi, na najua wapo mawakili wenzangu watakaonibishia.

Kusoma kwenyewe tulibadili kitu kimoja. Kulikua na mfanyabiashara aliyechukua dagaa wakavu kwa wifi kwa mali kauli, akalipa nusu, kilichobaki ni 4,200,000 na simu hapokei. Nikamwambia binti, acha kukariri Amri ya Saba, andika hati ya madai ya mama yako. Kwa kiasi hicho halisi kesi ingeenda mahakama ya mwanzo ambako ile sura ya 33 haitumiki, kwaiyo tukaongeza sifuri moja ikawa 42,000,000 ili mazoezi yaende sawa. Nani anadai, anaishi wapi, nani anadaiwa, yuko wapi, makubaliano yalikua lini, yalivunjwa lini, mahakama gani ina mamlaka na kwa nini, thamani ya madai, anaomba nini. Aya ya mamlaka na thamani ndo alikua anaisahau kila mara, na akaiandika mara nne mpaka ikakaa, mana safari hii alikua anamuuliza mama yake maswali ya kweli, ulimkabidhi wapi, mbele ya nani, karatasi iko wapi. Afu nikamgeuza, sasa wewe ni wakili wa yule mdaiwa, umepelekewa hati, una siku 21 za kuleta utetezi, andika. Wifi alisoma ule utetezi akakasirika kweli, "unamteteaje huyu mwizi!" Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Harusi. Hapa sikufanikiwa vizuri. Binti alitaka kuachia uhazini, wazee wakasema kumtoa katikati ni nuksi na pia itaonekana kuna pesa imeliwa, na kusema kweli hoja ya pili ina uzito, kijana anayeanza kazi ya sheria jina lake haliwezi kubeba hata kivuli cha namna hiyo. Tukaishia kati: pesa zote zikaingia kwenye namba moja ya simu ambayo inatoa orodha yenyewe, mdogo wake bwana harusi akawa anajibu grupu, binti anakaa na hesabu mara moja kwa wiki, Jumapili, saa moja tu. Haikua saa moja siku zote. Wiki ya sendofu ilikula siku mbili nzima na hakuna tulichoweza kufanya. Madrasa aliaga mwenyewe kwa ustadhi, na ustadhi alimuombea dua mbele ya watoto, wiki ile nzima watoto wanamuuliza njiani, "dada umefaulu?"

Sasa majirani. Wanamuita mwanasheria wetu, na wanakuja na vitu vizito, mipaka ya viwanja Gungu, mirathi, mikataba ya kuuziana nyumba. Mzee mmoja alikuja na 50,000 mkononi, muandikie mkataba wa kiwanja. Binti alikua karibu kuipokea, nauli ya Dar ilikua haijakamilika. Nataka vijana mnisikilize vizuri hapa. Sheria ya Mawakili, sura ya 341, inakataza mtu ambae si wakili kuandaa nyaraka za namna hiyo kwa malipo, na wewe baada ya miezi michache unaenda kusimama kwenye usaili unaulizwa kuhusu mwenendo wako. Hiyo 50,000 inaweza kuja kukudai mpaka mwisho. Tukakubaliana sentensi moja anayoijibu kwa kila anayekuja: "Mzee wangu, mi bado sijaapishwa, ila naweza kukuonyesha pa kwenda." Wa mipaka anamuelekeza baraza la kata, na anawaeleza kwamba tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, lina siku 30, halitoi tena hukumu, ikishindikana wanaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Dakika tano, mtu kaondoka na kitu cha maana, na binti hajaandika chochote. Wengine walinuna. Yule mzee wa kiwanja alikuja kwangu.

Lililobaki ni Tabora. Mi nilimwambia waandikie waajiri uombe kusogeza tarehe, akaona ni kuanza kazi kwa kudeka. Nilimwelewa, kazi hazipatikani hovyo. Ila kutoka chumba cha mtihani kwenda kiti cha ofisi kwa siku sita, mbili ziko njiani, na hapo katikati kuna kuhamia mji mwingine na kutafuta chumba, hapana. Tuliandika barua ya mistari saba. Hakuomba huruma, aliwaambia karatasi ya mwisho ni tarehe 24, ndo ile itakayomwezesha kuleta cheti walichokitaka wenyewe, anaomba kuripoti tarehe 15 badala ya 1. Walikaa kimya siku nane, siku nane ambazo hakulala vizuri na mimi nikaanza kujiuliza kama nimemharibia. Wakajibu: ripoti tarehe 8. Nusu ya alichoomba. Ilitosha.

Dar alienda siku nne kabla, ni zaidi ya kilomita 1,200 na mtu hawezi kushuka kwenye basi akaingia kwenye mtihani. Usiku wa kuamkia karatasi ya kwanza alinitumia meseji saa tatu na nusu, "nalala." Nikafurahi kuliko kama angeniuliza swali.

Baada ya karatasi ya mwisho alipanda treni ya reli ya kati kurudi nyumbani. Treni inapita Tabora kabla ya kufika Kigoma, na aliniambia ilivyosimama pale stesheni alifungua dirisha akautazama mji atakaoanza nao kazi, watu wanauza asali na karanga chini ya taa, kuna mtu akamshauri ashuke tu atafute chumba kabisa asipoteze nauli. Akafunga dirisha. Nyumbani alilala. Siku mbili za mwanzo wifi alikua anaenda mlangoni kusikiliza kama anapumua. Siku ya tatu aliamka saa nne asubuhi akaomba ugali na migebuka. Kibirizi alienda mara moja, kwa hiari yake, akakaa kwenye mchanga anawaangalia wenzake wanageuza dagaa, hakushika kitu na hakuna aliyemwambia kitu, mana kila mtu alishaambiwa huyu yuko mapumziko mpaka tarehe 6. Ilikua na tarehe, kwaiyo watu waliiheshimu.

Harusi ilipita. Hesabu ya kamati ilipungua 35,000 ambayo mpaka leo haijulikani ilipo na aliilipa kutoka kwenye mshahara wa kwanza.

Matokeo ya sapu yalimkuta ofisini Tabora, mezani kwake, ameshaanza kuzoea. Ya madai alipita vizuri, ya uandishi alipita kwa alama chache mno. Alinipigia mimi kwanza, nikamwambia kata, mpigie baba yako, afu akapiga nyumbani na simu ikawekwa spika, nilikuwepo mi nimeenda kula. Kaka alisema alhamdulillah mara tatu, sauti imemkaa kooni. Wifi akaichukua simu akauliza, "Kwaiyo sasa umemaliza?"

"Bado mama. Kuna maombi kwa Jaji Mkuu, kuna usaili, afu kuna kuapishwa."

Wifi akageuka akaitafuta kalamu juu ya kabati, akaishusha kalenda ukutani, akasema, "Haya nitajie, pole pole, kimoja kimoja."